Miwani ya Kuonea Mawe ya Mto Mara

Siku mliyoniaga pale ofisini mlinipa soda, hotuba tatu na miwani ya jua. Soda niliinywa, hotuba nilizisikiliza, na miwani nimeipima nyumbani kwenye karai la maji. Haifai. Ni nyeusi, ni nzuri, inanifanya nifanane na dereva wa mkubwa fulani, lakini nikitazama nayo majini sioni kitu ila anga. Sijakasirika. Zawadi ni zawadi, na mke wangu Bhoke anaivaa akipepeta mtama kwa sababu ya vumbi. Ila imenionyesha kwamba kuna jambo moja sikuwafundisha miaka yote tuliyokaa pamoja, nanyi kila wiki mnaingia mtoni na roho za watu. Kwa hiyo naliandika.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vyangu mnavijua, na mshahara tulikuwa tukiupangia foleni pamoja.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mimi ni Mkurya wa Genkuru, na kwetu wakati ule samaki alikuwa chakula cha mtu ambaye ng'ombe wake wamekufa. Nilipomwambia baba kwamba nimepata kazi katika ofisi ya samaki, aliniuliza wanachungwa wapi. Nikamwambia mtoni. Akauliza nani anawazuia wasiende zao. Nikamwambia hilo ndilo ofisi inataka kujua. Akaenda kufunga zizi.

Nilikuwa nimemjibu kweli tupu. Mnamjua ningu, yule samaki anayepanda mto wakati wa mvua kwenda kutaga. Ofisi ilitaka kujua anapanda hadi wapi, na kama kuna watu wanaomzibia njia kwa nyavu za macho madogo. Kwa kazi hiyo tulikuwa na mashua moja ya mbao yenye injini nyuma. Mto ukijaa tulivusha pia watu, kwa sababu daraja lilikuwa mbali na mamba walikuwa karibu.

Nahodha alikuwa Mzee Okumu, Mjaluo wa ufukweni mwa ziwa, mtu mrefu mwenye kofia ya ukili ambayo haikuvuliwa hata na upepo. Siku yangu ya kwanza alinipa upondo, akaniweka mbele ya mashua na kuniita mwanangu kwa Kijaluo. "Nyathina," alisema, "wewe ni macho, mimi ni mkono. Ukiona jiwe useme. Usiniambie 'pale'. Mimi sijui 'pale'. Sema kulia, sema kushoto."

Nilidhani ni ukali wa kazi tu. Wiki ya pili nilimwona akimsalimia mtu aliyesimama ukingoni, kwa adabu zote, akaulizia na watoto. Alikuwa kisiki. Ndipo nilipomtazama vizuri usoni. Nyama za macho zilikuwa zimeota kutoka pembeni, jicho la kushoto na la kulia, kama wanavyopata wavuvi waliokaa miaka mingi juu ya maji yenye jua. Asubuhi alikuwa anaona. Alasiri, jua likiwa mbele na mto unang'aa, aliona weupe mtupu. Aliendesha mashua kwa kusikiliza maji na kwa maneno ya mtu aliyekaa mbele. Ofisini hakuna aliyejua, na mimi sikusema. Mzee Okumu hakuwa na kazi nyingine aliyoiweza, na nyumbani kulikuwa na wake wawili na mtumbwi mmoja uliotoboka.

Sasa niwaeleze pini, maana ninyi injini zenu ni za kisasa. Panga la injini yetu, lile linalozunguka majini, lilishikwa na pini ndogo ya shaba, nene kidogo kuliko kijiti cha kuchokonolea meno. Panga likigonga jiwe, pini hukatika na injini inapona. Halafu mashua haina nguvu, inakwenda inakotaka mto. Pini mpya zilikaa kwa Bwana Samaki, Mzungu mkuu wetu, ndani ya kopo la tumbaku. Ukitaka pini sharti umweleze ya kwanza ilikwenda wapi. Pini ziliendelea kukatika, na zote zilikatika alasiri.

Mimi ndiye niliyekuwa macho, lakini alasiri hata macho yangu mazima yalishindwa. Mng'ao wa maji ni kitu kibaya. Jiwe liko kina cha kiganja tu chini ya maji, nawe unaona mawingu. Nikaamua kununua miwani ya jua.

Nilikwenda Tarime mjini, pale Nyamisangura, dukani kwa Bwana Karsan. Nilifika msimu wa tohara ukiwa karibu. Mnajua vijana wetu wakitoka jandoni wanavyojipamba. Duka lilikuwa limening'inizwa filimbi, manyoya, shanga, kofia za ajabu na miwani nyeusi safu kwa safu. Bwana Karsan alinichagulia moja.

"Hii ndiyo nyeusi kuliko zote," alisema. "Vijana wote wanaitaka hii."

Nikafikiri kwamba kama kivuli kidogo ni kizuri, kivuli kikubwa kitakuwa kizuri zaidi. Hili ndilo kosa mnaloendelea kulifanya mpaka leo. Miwani ile ilitengenezwa mtu atazamwe nayo, na mimi nilitaka ya kutazamia. Mtoni ilififisha mng'ao, ni kweli, lakini ilififisha na mto, na ukingo, na viboko, vyote sawasawa. Siku ile ile tulipanda jiwe chini kidogo ya Genkuru. Pini ikakatika. Tulifika nyumbani kwa upondo.

Bwana Samaki alifungua kopo lake. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Okumu," alisema, "pini nyingine moja ikikatika kwa jiwe, utakwenda kwenu. Mimi nitatafuta nahodha mwenye macho."

Mzee Okumu akasema, "Ndiyo, bwana." Alipotoka nje alijikwaa kizingitini.

Mimi nilibaki ndani kwa sababu nilikuwa nimeshindwa kuondoka. Bwana Samaki aliichukua miwani yangu, akachungulia, akanirudishia kama mtu anayerudisha yai lililooza. Kisha akanipeleka kwenye gati letu dogo, akavua miwani yake mwenyewe, ya rangi ya kahawia, wala si nyeusi sana, akanivalisha. "Tazama chini," akasema.

Niliona sehemu ya chini ya nguzo za gati. Niliona mchanga, na mawe, na sufuria tuliyoipoteza mwezi uliopita. Niliona kambare amelala kando ya sufuria kama mwenye nyumba. Nitasema kweli, sikufurahi. Nilishikwa na hasira. Mto ulikuwa wazi namna ile siku zote, nami nilikuwa napita juu yake nikimpotezea mzee wa watu pini.

Bwana Samaki akanishika kichwa, akakilaza upande wa bega. Mng'ao ukarudi wote, maji yakafungwa. Akakinyoosha, yakafunguka. Alieleza sababu kwa dakika nyingi na mimi sikuielewa, lakini jambo lenyewe nililishika. Mwanga unaotoka juani ni mmoja, na mwanga unaoruka kutoka juu ya maji ni mwingine, na kuna kioo kinachoukataa huu wa pili tu. Siku hizi mnaita polaraizi. Kiza chake si hoja. Kioo cheusi tii kinaweza kukosa sifa hiyo, na kioo chepesi kikawa nayo. Unajua kwa kulaza kichwa. Mng'ao usipobadilika ukilaza kichwa, irudishe dukani. Na kama unazo mbili unazoziamini, weka moja mbele ya nyingine, kisha uigeuze moja isimame wima. Zitafunga giza kama mlango.

Nilimwomba aniazime. Alisema anaitumia mwenyewe Jumapili kuvulia.

Basi nikarudi kwa Bwana Karsan. Aliandika barua kwa shemeji zake wa Kisumu, na baada ya wiki kadhaa boksi la miwani likaingia kupitia Sirari. Zote zilikuwa na karatasi zilezile za kusifu. Nikaomba karai, nikalijaza maji, nikaliweka juani mbele ya duka na jiwe ndani. Nikawa navaa miwani moja baada ya nyingine, nainama juu ya karai, nalaza kichwa huku, nalaza kule. Watu walisimama kutazama. Mama mmoja muuza ndizi alisema niombewe. Bwana Karsan alitoka akaniuliza kama nanunua miwani au nanunua karai.

Katika boksi zima ilifaa moja. Ilikuwa ya kike, nyekundu, yenye ncha mbili zilizopinda juu kama pembe za mtamba.

"Hiyo ni ya mama," alisema Bwana Karsan.

"Najua."

"Unampelekea mkeo?"

"Naipeleka kazini."

Alinitazama, akaifunga kwenye karatasi bila kuongeza neno. Ndiyo maana nilinunua kwake mpaka alipofunga duka.

Vioo vyake vilikuwa vya kahawia, na hiyo ndiyo rangi ya mtoni, kwa sababu inapambanua mawe na mchanga. Ziwani kweupe saa sita chukueni ya kijivu. Pembeni, ambako mwanga unaingia kwa hila, nilishona vipande vya ngozi ya mbuzi. Nyuma nilifunga uzi wa wavu, kwa sababu miwani ikianguka majini humfaidi kambare. Msiifute kwa shati lenye mchanga, isuuzeni kwanza. Wala msiiweke juu ya injini ya moto. Ndani ya kioo kuna utando, na ukipata joto unavimba kama chapati.

Basi nikawa Mkurya wa kwanza wa ofisi ya samaki, tena mwenye miwani nyekundu ya kike yenye masikio ya ngozi ya mbuzi. Akina mama wa gatini wakawa wananiambia, "Shikamoo, mama." Niliitikia marahaba, kazi ikaendelea. Msimu mzima wa mvua hatukukata pini. Nilisema kulia, Mzee Okumu akageuza kulia. Nilisema kushoto, akageuza. Nilimwambia aijaribu naye, akasema nahodha mwenye wake wawili hawezi kuonekana na kitu kile, na tena macho ya mashua yako mbele.

Ndipo ikaja siku ya mkwe wangu.

Nilikuwa nimemwoa Bhoke mwaka mmoja tu kabla. Baba yake, Mzee Nyamhanga, alikuwa amekwenda Busawe kumwona dada yake mgonjwa. Mvua zilikuwa zimekatika, maji yamesafika, lakini bado marefu, hayavukiki kwa miguu. Tulikuwa tunarudi alasiri, tukapitia gati la upande wa Busawe kuchukua watu. Mimi nilikuwa mbele nimeishikilia mashua kwa upondo, mgongo kwa abiria, sikuona nani amepanda. Tukaondoka, tukashuka na maji, jua usoni.

Katikati ya mto nikasikia sauti ninayoijua.

"Nahodha," ilisema, "huyu mama anayetuongoza ni wa wapi?"

"Yaye!" akasema Mzee Okumu. "Huyo si mama. Huyo ni mkweo, Marwa."

Ninyi mlio Wakurya mnajua nilivyokuwa. Wengine niwaeleze. Kwetu kuna heshima ya ukweni, insoni tunaiita, na haina mzaha. Humpi mkwe mgongo. Humsalimii ukiwa umefunika macho, maana ni kama kumwambia hutaki akuone moyoni. Nami nilikuwa nimempa mgongo nusu ya mto, huku nimevaa miwani ya kike. Nikageuka. Nikavua miwani. Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mura," aliitikia, na mura kwetu ni kijana. "Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo, baba."

"Bhoke?"

"Mzima."

"Na ng'ombe?"

"Wazima, baba."

"Na yule mwenye pembe moja?"

Salamu za mkwe hazikatizwi. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema kwamba mwenye pembe moja amepata nafuu, mashua ikapanda jiwe.

Injini ililia kwa sauti nyembamba, panga halizunguki. Pini imekwenda. Mashua ikageuka ubavu na mto ukaichukua, na mbele yetu, mita chache, ndipo mahali pa viboko, palepale mnapopajua, mawe mawili makubwa na wao wamelala katikati na nyuma. Abiria walianza kumwita Mungu kwa lugha nne.

"Marwa!" Mzee Okumu alipiga kelele. Alikuwa ameshika kasia, macho yake meupe kwa jua, anatazama mahali ambapo mimi sikuwapo. "Marwa, macho!"

Na mimi nilisimama pale. Hili sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Nilisimama na miwani mkononi, uso umeinama, nimeshindwa kumpa mkwe wangu mgongo mara ya pili. Mto unakwenda, nami nangoja ruhusa.

Mzee Nyamhanga akanyanyua fimbo yake, akanigusa begani.

"Mura, vaa miwani yako," alisema. "Heshima yangu nitaipokea nchi kavu."

Nikavaa. Nikageuka. Maji yakafunguka. Niliona jiwe la kushoto mpaka shina lake, na njia ya kijani kando yake, pana kiasi cha mashua moja, na kiboko upande wa pili kama ukuta. Nikasema kulia. Nikasema kulia tena. Nikasema nyoosha, nyoosha, sasa kushoto. Mzee Okumu alipiga kasia kwa kila neno, bila kuuliza, na tukapita. Kiboko alifumbua jicho moja, akalifumba.

Tulipofika kwenye mchanga wa Genkuru, Mzee Nyamhanga alishuka, akanawa uso, akakaa juu ya jiwe na kuweka fimbo magotini.

"Sasa nisalimie," alisema.

Nikavua miwani na kuanza upya tangu shikamoo, mpaka tukafika kwa ng'ombe mwenye pembe moja.

Mzee Okumu hakushuka. Alikuwa anafunga kofia yake, kikombe na shuka kwenye kamba, kama mtu anayehama. Alijua. Nami nilijua kwamba taarifa ya pini huandikwa na mimi. Ningeweza kuandika kwamba pini ilichakaa. Lakini uongo ule ungemwacha yeye kwenye usukani, na Bwana Samaki akimshuku kila anapofungua kopo la tumbaku. Niliandika hivi: pini imekatika kwa sababu mtazamaji wa mbele alivua miwani kumsalimia baba mkwe.

Siku ya pili yake Bwana Samaki aliisoma mara mbili. Aliniuliza kwa nini sikumsalimia nikiwa nimeivaa. Nikamweleza. Akauliza tena, nikamweleza tena. Alikuwa bado ameshika karatasi, Mzee Okumu amesimama mlangoni na mzigo wake, Mzee Nyamhanga alipoingia. Alikuwa ametembea kutoka Genkuru mpaka ofisini kwetu, miguu ina vumbi hadi magotini.

"Pini yako niliikata mimi," alimwambia Bwana Samaki.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mdomo. Huyu nahodha hana kosa. Mkono ulifanya ulichoambiwa, na macho niliyafumba mimi."

Bwana Samaki akafungua daftari, akaandika pini ile kwa jina langu badala ya la Okumu, akanipa nyingine kutoka kwenye kopo. Akamwambia Mzee Okumu aende afungue mzigo wake. Kwangu akaongeza amri, kwamba ndani ya mashua asisalimiwe mtu mpaka nchi kavu. Amri ya Mzungu peke yake isingefika popote. Mzee Nyamhanga ndiye aliyeipeleka kwa wazee wa ng'ambo zote mbili, akawaambia wakwe wote kwamba mtoni wamesamehewa. Ndiyo maana mpaka leo watu wanakaa kimya ndani ya mashua, halafu wakishuka wanasalimiana kwa fujo. Nimesikia baadhi yenu mkiwaambia wageni kwamba ni mila ya kuogopa mizimu ya mto. Si mizimu, ni pini.

Mzee Okumu aliendesha mpaka mwisho wa miaka ile ya hamsini, akaondoka kwa hiari yake. Siku ya safari yake ya mwisho nilimwambia akae mbele, mimi nishike usukani. Alikataa, kisha akakubali. Nikamvalisha miwani nyekundu, nikaukaza uzi nyuma ya kichwa, juu ya kofia. Hakukuwa na abiria wa kumwona.

Tulishuka na mto alasiri, jua usoni. Aliinama, akatazama chini kwa muda mrefu, nami nikaona mabega yake yakishuka. Tulikuwa tunakaribia pale pa viboko.

"Marwa," alisema, "jiwe lililotukatia pini ndilo hili?"

"Ndilo."

"Lakini ni dogo."

Mbele yangu mto ulikuwa weupe mtupu, sioni jiwe, sioni njia, sioni hata mikono yangu vizuri, na ndipo nilipojua alichokuwa akikifanya kila alasiri ya miaka ile yote kwa neno langu mimi, kijana wa ng'ombe.

"Kulia, nyathina," alisema Mzee Okumu.

Nikageuza kulia.